Fremu kuu

Fremu kuu ni fremu ya video au ya filamu ya uhuishaji ambayo mhariri ameiwekea mwenyewe thamani ya sifa fulani ya picha, kwa mfano mahali ilipo, ukubwa wake, mzunguko wake au kiwango cha kuonekana kwake. Mhariri akiweka angalau fremu kuu mbili zenye thamani tofauti, programu ya kuhariri video hukokotoa yenyewe thamani za fremu zote zilizo katikati. Kwa njia hiyo maandishi husogea, picha hukua, rangi hufifia na madoido hufuata kitu kinachotembea, bila kuchora kila fremu moja moja.

Neno hilo lina maana nyingine katika ubanaji wa video, ambako fremu kuu ni ile inayohifadhiwa picha nzima, wakati fremu zinazoifuata huhifadhi mabadiliko tu. Makala hii inahusu maana ya kwanza.

## Historia

Asili ya fremu kuu ni uhuishaji wa kuchora kwa mkono. Katika studio kubwa za Marekani, kama ile ya Walt Disney katika miaka ya 1930, mchoraji mkuu alichora mikao muhimu ya mhusika, yaani mwanzo wa tendo, kilele chake na mwisho wake. Wasaidizi walichora picha za katikati. Filamu ya sinema hutumia fremu 24 kwa sekunde, hivyo kazi ya wasaidizi ilikuwa kubwa sana.

Kompyuta ilianza kupewa kazi hiyo nchini Kanada. Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo walitengeneza programu iliyojaza michoro ya katikati. Peter Foldes aliitumia kutengeneza filamu fupi *La Faim*, yaani "Njaa", iliyotolewa mwaka 1974 na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada na kupata tuzo katika tamasha la Cannes.

Katika miaka ya 1990 njia hiyo ilifika kwenye kompyuta za kawaida. After Effects ilitolewa mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikawa mali ya kampuni ya Adobe. Leo fremu kuu zinapatikana katika Premiere Pro, Final Cut Pro, DaVinci Resolve na CapCut, na pia katika programu huria kama Kdenlive na Blender.

## Namna inavyofanya kazi

Programu ya kuhariri huonyesha mstari wa wakati wenye kielekezi kinachosogezwa mbele na nyuma. Mhariri hupeleka kielekezi kwenye fremu anayoitaka, huwasha fremu kuu za sifa anayotaka kuibadilisha, kisha huweka thamani ya kwanza. Halafu husogeza kielekezi mbele na kuweka thamani ya pili. Katika programu nyingi kila fremu kuu huonekana kama alama ndogo yenye umbo la uru ya karata.

Mfano: mwalimu wa jiografia anatengeneza video ya ramani ya kusini mwa Tanzania. Anataka nukta nyekundu itoke Mbinga ishuke mpaka Mbamba Bay, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, kwa sekunde 2. Video yake ina fremu 25 kwa sekunde, kiwango cha mfumo wa PAL uliotumika katika televisheni za Tanzania na Kenya. Mwendo wote basi una hatua 50.

Mahali pa nukta huandikwa kwa namba mbili: ya kwanza huhesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka juu kwenda chini.

| Fremu | Kutoka kushoto | Kutoka juu | Iliyowekwa na |
|---|---|---|---|
| 0 (Mbinga) | 1200 | 300 | mhariri |
| 10 | 1100 | 396 | programu |
| 25 | 950 | 540 | programu |
| 50 (Mbamba Bay) | 700 | 780 | mhariri |

Programu imegawa tofauti ya namba hizo kwa hatua 50. Kwa kila fremu nukta husogea kushoto kwa 10 na chini kwa 9.6. Mwalimu ameweka fremu kuu 2 tu, na zilizobaki zimejazwa na kompyuta.

Hata hivyo nukta hiyo itapita moja kwa moja juu ya milima, ilhali barabara yenyewe ina kona nyingi. Ili ifuate barabara, mwalimu ataongeza fremu kuu kwenye kona kubwa, au atapinda njia ya mwendo. Kompyuta inajua namba mbili ilizopewa, haijui barabara.

## Aina za mpito

Mpito kati ya fremu kuu mbili huwa wa aina tatu hasa:

* Mpito sawia: mwendo ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Hufaa kwa vitu vya mashine, lakini kwa vitu vingine huonekana mkavu.
* Mpito laini: kitu huanza polepole, huongeza kasi, kisha hupunguza kabla ya kusimama, kama basi linaloondoka stendi na kuingia stendi nyingine. Mhariri huurekebisha kwa mkunjo wa Bézier, uliopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kiwanda cha magari cha Renault nchini Ufaransa.
* Mpito wa kushikilia: thamani haibadiliki mpaka fremu kuu inayofuata ifike, kisha hubadilika ghafla. Hutumika kwa vitu vinavyotokea au kutoweka mara moja, kama namba za kuhesabu.

## Kuficha sura

Fremu kuu hutumika pia kuficha sura ya mtoto, shahidi au mtu aliyedhulumiwa katika habari na vipindi. Mhariri huweka duara la ukungu juu ya uso, kisha hulisogeza kwa fremu kuu ili lifuate kichwa.

Hapa kosa dogo lina madhara makubwa. Mhariri akiweka fremu kuu kwenye fremu ya 0 na ya 25 tu, na mtoto akageuka kwenye fremu ya 12, duara litaendelea na safari yake iliyonyooka na uso utabaki wazi. Anayetazama kwa kasi ya kawaida huenda asione, lakini mtu yeyote anaweza kusimamisha video kwenye simu na kupata picha ya uso huo. Kwa sababu hiyo video ya namna hii hukaguliwa fremu kwa fremu. Baadhi ya programu hufuata uso zenyewe, lakini zinaweza kuupoteza pale mtu mwingine anapopita mbele yake.

## Afrika Mashariki

Nchini Uganda, Nabwana I.G.G. alianzisha studio ya Ramon Film Productions, maarufu kama Wakaliwood, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala. Filamu yake *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 ina helikopta, milipuko na moto vilivyoongezwa kwa kompyuta, ingawa bajeti yake ilikuwa ndogo mno. Nakala ya awali ya filamu hiyo haipo tena. Iliyobaki ina sauti ya msimulizi juu yake.

Nchini Kenya, mfululizo wa watoto *Tinga Tinga Tales* ulihuishwa jijini Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Mtindo wake ulitokana na michoro ya Tingatinga, iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa eneo la Tunduru katika Mkoa wa Ruvuma. Nchini Tanzania, shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha katuni za elimu *Ubongo Kids* mwaka 2014, na baadaye *Akili and Me*.

## Kuhifadhi kazi

Fremu kuu hukaa ndani ya faili la mradi, si ndani ya video iliyokamilika. Video ikishatolewa, kila fremu ni picha tu. Mwendo wa maandishi hauwezi kubadilishwa tena, wala jina lililokosewa herufi haliwezi kusahihishwa bila kurudi kwenye mradi. Anayefuta mradi ili kupata nafasi kwenye diski hubaki na video asiyoweza kuirekebisha. Faili la mradi lenyewe kwa kawaida ni dogo, lakini huhitaji picha, video na sauti za asili ili lifunguke kikamilifu, kwa hiyo vyote huhifadhiwa pamoja.

## Tazama pia

* Uhuishaji
* Uhariri wa video
* Tingatinga
* Wakaliwood