Robo Dola na Wasakaji Wake

Ukifika dirishani katika benki ya Marekani na noti ya dola 10 ukaomba robo dola, karani atakupa kibunda kimoja: sarafu 40 zilizopangana, zikavishwa karatasi ngumu iliyokunjwa ncha zote mbili. Ukiwa na dola 500 utapewa boksi zima lenye vibunda 50 na uzito wa kilo 11 na ushei. Huongezi hata senti moja, na ukizirudisha kesho unapata dola zako 500 kamili. Katika biashara ya namna hii hakuna hasara wala faida, ila kama ndani ya boksi imelala sarafu ambayo wote walioishika kabla yako hawakuitazama vizuri. Wapo Wamarekani ambao jioni zao huishia hapo, wamekaa mezani wanachana karatasi na kugeuza robo dola moja baada ya nyingine.

Mchezo huu unaonekana wa kitoto, lakini umewahi kuisumbua Ikulu. Katika miaka ya 1960 serikali ya Marekani iliwaona wakusanyaji sarafu karibu sawa na wahujumu uchumi, ikatunga sheria yenye vifungu vya kuwakomesha. Mwaka 2019 serikali hiyohiyo ilitengeneza sarafu milioni 10 kwa makusudi ya kuwafichia watu wa aina ileile, kisha ikawatangazia waende wakazitafute.

Mazoea yenyewe yalianzia kwenye senti moja. Mwaka 1934, katikati ya Mdororo Mkuu, bwana J.K. Post wa mji wa Neenah, jimbo la Wisconsin, alibuni ubao wa karatasi ngumu wenye matundu, kila tundu likiwa na mwaka wake na kiwanda chake. Kampuni ya uchapaji ya Whitman, ya Racine katika jimbo hilohilo, ikauchukua ubao ule na kuusambaza nchi nzima. Hadi hapo kukusanya sarafu kulikuwa starehe ya watu wenye nafasi, walionunua vitu vya kale minadani. Ubao ulimwezesha mtu asiye na kitu aanze na chenji ya dukani. Baadaye Whitman walitoa vitabu vya kukunja vya rangi ya buluu, na mwaka 1946 mfanyakazi wao, R.S. Yeoman, akatoa mwongozo wa bei wenye jalada jekundu ambao huchapishwa mpaka leo.

Ubao ule ulifanya jambo jingine ambalo nadhani halikukusudiwa: ulimfundisha kila mtu kipi ni adimu. Tundu la mwaka fulani likikaa tupu mwaka mzima, mwenye ubao alianza kuuliza kwa nini. Kwa upande wa robo dola, matundu sugu yalikuwa mawili ya mwaka 1932. Mwaka huo sura ya George Washington iliwekwa kwenye robo dola kwa kuadhimisha miaka 200 tangu azaliwe, lakini uchumi ulikuwa umelala na biashara haikuhitaji sarafu mpya. Denver walitengeneza 436,800 tu, San Francisco 408,000, na mwaka uliofuata haikutengenezwa robo dola hata moja. Unazitambua kwa herufi ndogo ya kiwanda, D au S, iliyo upande wa nyuma chini ya tai. Wakati ule Philadelphia hawakuweka herufi yoyote.

Kufikia miaka ya 1950 tabia ikageuka. Watu hawakuchana tena vibunda ili kutazama ndani. Walivinunua na kuvifungia kabatini vikiwa vizima. Kilichowatia wazimu ni senti tano ya Denver ya mwaka 1950, iliyotengenezwa kiasi cha milioni 2.6 tu. Vibunda vyake vilipanda bei kila mwaka, na wengi wakaamini kwamba kibunda chochote kipya kitafuata njia hiyohiyo. Wakanunua vibunda, kisha magunia.

Hapo ndipo chenji ilipoanza kuadimika. Kati ya 1962 na 1965 madukani na benki sarafu hazikutosha. Sababu zilikuwa kadhaa: mashine za kuuza soda na sigara zilikuwa zimezagaa na kila moja ilimeza sarafu mpaka mwenyewe aje kuifungua, uchumi ulikuwa unakua, na madini ya fedha, yaliyokuwa asilimia 90 ya kila robo dola, yalitakiwa kwa wingi na watengenezaji wa filamu za picha na vifaa vya umeme. Ila mashine haiwezi kulaumiwa hadharani. Mkusanyaji anaweza. Eva Adams, aliyekuwa Mkurugenzi wa Idara ya Sarafu, aliwanyooshea kidole wazi, na Bunge likamuunga mkono. Mwaka 1964 liliruhusu sarafu ziendelee kuandikwa 1964 hata baada ya mwaka huo kwisha, ili pasiwe na mwaka mpya wa kukimbiliwa. Machi ya mwaka huohuo watu walipanga foleni Hazina, Washington, wakibadilisha noti kwa dola za fedha za karne ya 19 zilizokuwa zimesahaulika kwenye magunia, mpaka Hazina ikafunga dirisha.

Tarehe 23 Julai 1965, katika Bustani ya Waridi ya Ikulu, Rais Lyndon B. Johnson alitia saini Sheria ya Sarafu. Fedha ikaondolewa kabisa kwenye senti kumi na robo dola, na kwenye nusu dola ikapunguzwa hadi asilimia 40. Johnson aliwaonya waliofikiria kuficha sarafu za zamani kwamba watajisumbua bure, kwa kuwa Hazina ilikuwa na akiba ya fedha ya kutosha kuizuia bei isipande. Na ili kuwamaliza nguvu wakusanyaji, herufi za viwanda zikaondolewa kwenye sarafu zote. Hazikurudi mpaka 1968.

Tatizo kubwa la wataalamu halikuwa wakusanyaji hata hivyo. Lilikuwa mashine. Mashine ya soda haisomi mwaka wala haitazami sura ya Washington. Hupima ukubwa, uzito, na namna sarafu inavyopitisha umeme, na ilikuwa imefundishwa kuikubali fedha. Taasisi ya Battelle ya Columbus, Ohio, ilipewa kazi ya kutafuta metali mbadala. Jibu likawa sarafu ya tabaka tatu: kiini cha shaba tupu, kikabanwa kati ya ngozi mbili za mchanganyiko wa asilimia 75 shaba na 25 nikeli. Ni nyepesi kidogo, gramu 5.67 dhidi ya 6.25 za zamani, lakini mashine ilizipokea zote mbili bila ubishi. Sarafu mpya zilipoingia mtaani Novemba 1965, ziliingia kama pacha wa zile za fedha, zikatumika pamoja nazo dukani na benki, ndani ya vibunda vilevile.

Kwa maoni yangu hapo ndipo usakaji wa leo ulipozaliwa. Serikali ilihangaika mashine isione tofauti, na ikafanikiwa. Jicho la mtu ndilo lililobaki.

Tofauti yenyewe ipo ubavuni. Mimina kibunda kwenye sinia, zisimamishe sarafu kwa safu, utazame mgongo wa safu hiyo kwa taa ya pembeni. Sarafu za tangu 1965 zina mstari wa shaba katikati, wekundu wa kahawia unaozunguka ukingo wote. Sarafu ya fedha haina mstari. Ubavu wake ni mweupe mwanzo hadi mwisho, na katikati ya wekundu ule hujitokeza mara moja. Ukiiangusha mezani hutoa mlio mwembamba unaovuta. Hizi nyingine hukata sauti papo hapo. Mzoefu hamalizi sekunde tano kwa kibunda kizima.

Ahadi ya Johnson ilidumu miaka miwili. Robo dola ya zamani ina fedha ya kiasi cha 0.18 ya aunsi, kwa hiyo bei ya aunsi ikipita dola 1.38, thamani ya fedha iliyo ndani ya sarafu inazidi senti 25 zilizoandikwa juu yake. Hazina iliishikilia bei kwenye 1.29 kwa kuuza akiba yake kwa yeyote aliyetaka. Mwaka 1967 ikapiga marufuku kuyeyusha sarafu, na Julai ikaacha kuuza kwa bei hiyo; mwaka uliofuata aunsi ilikuwa imeshapita dola 2. Marufuku iliondolewa 1969. Kufikia hapo makarani wa benki, wenye maduka na watoto wa shule walikuwa wameshachambua kilichochambulika, na Hazina nayo ilikuwa inachambua kwa mashine zake. Januari 1980 aunsi ilipokaribia dola 50, robo dola moja ilikuwa na fedha ya kiasi cha dola 9, na zilizobaki majumbani zikaenda kwenye tanuri kwa magunia.

Zilizoponea hapo ndizo zinazosakwa sasa. Nyingi ni za mwaka 1964, mwaka uleule uliorefushwa ili sarafu zake zisiwe na thamani ya pekee: zilitengenezwa zaidi ya bilioni 1.2. Wasakaji hupenda vibunda vilivyofungwa kwa mkono na wateja kuliko vya mashine, kwa sababu mara nyingine ni mtungi wa chenji wa marehemu ambao warithi waliupeleka benki bila kuutazama. Nao wana sheria yao moja isiyoandikwa: usirudishe sarafu kwenye benki ulikozinunua. Utauziwa zako mwenyewe.

Miaka ya 1970 na 1980 napita haraka, maana robo dola haikuwa na jipya isipokuwa mpiga ngoma wa 1976, wa miaka 200 ya taifa. Jambo kubwa lilitoka Kanada, iliyotoa sarafu 12 za senti 25 mwaka 1992 kwa majimbo na maeneo yake, na umma ukazigombania. Mbunge Michael Castle wa Delaware akalichukua wazo hilo, Rais Clinton akatia saini sheria Desemba 1997, na kuanzia 1999 kila jimbo likapata robo dola yake, tano kwa mwaka, kwa mpangilio wa kujiunga na Muungano. Delaware ilikuwa ya kwanza, Hawaii ikafunga mwaka 2008.

Hesabu iliyokuwa nyuma ya mpango huo ndiyo iliyobadilisha msimamo wa serikali. Wakati huo robo dola ya shaba na nikeli iligharimu senti chache kuitengeneza, na Hazina iliitoa kwa 25. Ikitumika dukani, itazunguka na kurudi. Ikiingia kwenye kitabu cha mtoto, hairudi, na tofauti yote inabaki kwa serikali. Dhambi ya 1964 ikawa mapato. Mwaka 2000 pekee zilitengenezwa zaidi ya bilioni 6, na katika nyumba nyingi kulikuwa na ramani ya karatasi yenye matundu 50, mjukuu wa ubao wa Neenah.

Wisconsin haikukosekana katika mkasa huu. Robo dola yake ya 2004 ina kichwa cha ng'ombe, gurudumu la jibini na gunzi la mahindi. Mwishoni mwa mwaka huo wasakaji wa Tucson, Arizona, na wa San Antonio, Texas, waligundua kwamba baadhi ya zile za Denver zina jani la ziada upande wa kushoto wa gunzi, kwenye nyingine limepinda kwenda juu, kwenye nyingine limeinama. Wiki chache baadaye mabenki ya miji hiyo yalikuwa yanaombwa vibunda na watu ambao hawajawahi kununua hata kimoja.

Aprili 2019 Idara ya Sarafu ikaamua kuuchezesha mchezo yenyewe. Mkurugenzi wake, David Ryder, alitangaza kwamba kiwanda cha West Point, New York, kitatengeneza milioni 2 kwa kila moja ya sura tano za mwaka huo zikiwa na herufi W, ambayo haikuwahi kuonekana kwenye sarafu ya matumizi ya kawaida. Zilichanganywa na za Philadelphia na Denver na kupelekwa Benki Kuu bila alama yoyote kwenye boksi. Herufi za viwanda, zilizofutwa 1965 ili kuwakatisha tamaa wasakaji, zikawa ndizo chambo chao. Mwaka 2020 ziliongezwa nyingine milioni 10, zikiwa na alama ndogo ya V75 kwa kumbukumbu ya miaka 75 tangu Vita Kuu ya Pili iishe.

Lakini 2020 ilikuwa na mambo yake. Maduka yalifungwa kwa korona, sarafu zikakwama majumbani na ndani ya mashine, na kuanzia Juni Benki Kuu ikazigawa kwa mgawo. Benki nyingi zikakataa kumuuzia boksi mtu asiye na biashara. Julai, Idara iliyokuwa imewaambia watu wakasake na kuweka, ikawaomba wamimine mitungi yao na kuirudisha chenji mtaani. Safari hii hakuna aliyeitwa mfichaji. Huko Wisconsin benki moja iliahidi dola 5 kwa kila dola 100 za sarafu zitakazoletwa, na watu walivyofurika ikalazimika kusitisha ahadi baada ya wiki moja hivi. Kuwalipa watu kwa chenji waliyoificha ni dawa ambayo mwaka 1964 Eva Adams hakuwahi kuijaribu. Naye baada ya kuondoka kwenye Idara alichaguliwa na wakusanyaji walewale kuingia kwenye bodi ya chama chao cha taifa.