Fahamu Ufadhili wa Masomo wa Mandela Rhodes kwa Vijana wa Afrika

Ufadhili wa Masomo wa Mandela Rhodes ni fursa ya elimu ya juu inayotolewa kwa raia wa nchi yoyote ya Afrika, wakiwemo Watanzania, wenye umri wa miaka 19 hadi 29, ili wasome katika vyuo vikuu vya Afrika Kusini. Ufaulu mzuri wa darasani ni sharti la lazima, lakini peke yake haumtoshi mwombaji. Hupimwa pia kwa uongozi aliouonesha na kwa yale aliyokwisha kuitendea jamii yake.

Chimbuko lake

Taasisi ya Mandela Rhodes, yenye makao yake Cape Town, ilianzishwa mwaka 2002 kwa ushirikiano wa Mzee Nelson Mandela na Mfuko wa Rhodes wa Uingereza, unaoendesha ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Oxford. Wanufaika wa kwanza walianza masomo mwaka 2005.

Jina la taasisi hiyo limezua mjadala tangu mwanzo. Cecil Rhodes, aliyefariki mwaka 1902, alikuwa Waziri Mkuu wa Koloni la Cape na alijipatia utajiri wake kwa almasi na dhahabu ya Kusini mwa Afrika. Mandela alifungwa miaka 27 kwa kupinga utawala wa ubaguzi uliotokana na historia hiyo hiyo. Kwa kukubali majina hayo mawili yakae pamoja, Mandela alikusudia mali iliyochumwa Afrika irejee kuwanufaisha Waafrika. Hata hivyo, si wote walioridhika. Mwezi Aprili 2015, baada ya maandamano ya wanafunzi, sanamu ya Rhodes iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kijana anayeomba ufadhili huu hana budi kuifahamu historia hiyo.

Misingi minne

Ufadhili huu umejengwa juu ya misingi minne: elimu, uongozi, ujasiriamali na maridhiano. Ujasiriamali hapa haumaanishi biashara pekee, bali uwezo wa kubuni jambo jipya na kulisimamia hadi lizae matunda. Maridhiano nayo ni uwezo wa kukaa na watu wa asili, dini na mitazamo tofauti na kufanya nao kazi.

Kutokana na misingi hiyo, mnufaika haachiwi na ada pekee. Sambamba na masomo yake hushiriki programu ya kukuza uongozi inayowakutanisha wanufaika kutoka vyuo na mataifa mbalimbali.

Masomo na gharama

Ufadhili hutolewa kwa Shahada ya Uzamili, au kwa shahada ya mwaka mmoja inayofuata shahada ya kwanza katika mfumo wa Afrika Kusini. Unagharimia ada, malazi, chakula, vitabu na posho ya kujikimu.

Jambo hili linahitaji uangalifu. Nchini humo, mwenye shahada ya kwanza ya miaka mitatu mara nyingi hutakiwa kupitia kwanza shahada hiyo ya mwaka mmoja kabla ya kupokelewa katika Uzamili. Ni vyema mwombaji aulize mapema katika chuo anachokitaka. Aidha, kupata ufadhili si kupata nafasi chuoni: maombi ya udahili hupelekwa chuoni kando, na viza ya masomo hushughulikiwa baada ya hapo.

Namna ya kujiandaa

Wanaopita mchujo wa awali huitwa kwenye usaili. Katika hatua zote, maelezo ya jumla hayamsaidii mwombaji. Kuandika kwamba "napenda kuitumikia jamii" hakuna uzito. Kueleza kwamba aliwafundisha hisabati wanafunzi wa sekondari ya kata kila Jumamosi, wangapi waliendelea kuja na nini kilimshinda, kuna uzito. Wadhamini nao wawe watu waliomwona akifanya kazi, kwani cheo kikubwa cha mtu asiyemfahamu hakimwongezei kitu.

Asiyekuwa na rekodi ya kujitolea hawezi kuitengeneza wiki moja kabla ya mwisho wa maombi. Maandalizi huanza mwaka wa kwanza wa chuo, katika serikali ya wanafunzi, klabu, nyumba za ibada au mtaani.

Uhusiano na Tanzania

Watanzania wanaokwenda kusoma Afrika Kusini wanapita njia ambayo wengine waliipita kwa upande wa pili. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ilitoa ardhi Mazimbu, Morogoro, kwa chama cha ANC ili kijenge shule kwa ajili ya vijana wa Afrika Kusini waliokimbia ubaguzi. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, na leo majengo yake ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Wito kwa waombaji

Vijana wenye sifa wanahimizwa kufuatilia tarehe za maombi, masharti na fomu katika tovuti rasmi ya Taasisi ya Mandela Rhodes, na kujihadhari na watu wanaodai malipo kwa ahadi ya kuwapatia nafasi. Nafasi hizi hazinunuliwi, bali hutolewa kwa ushindani.