Waliovuka Mgunda Mkali

Kabla ya kufika Tabora, msafara uliotoka Bagamoyo ulilazimika kuvuka Mgunda Mkali, nyika ya vichaka iliyotenganisha Ugogo na Unyanyembe. Visima vilikuwa haba, na mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi za vitambaa au shanga, na wakati wa kushuka pwani, pembe za ndovu. Mwili wenye mzigo kama huo hutoa joto jingi. Bila maji jasho hukatika, na mtu huanguka.

Siku za kawaida safari ilianza alfajiri, na kabla ya adhuhuri mizigo ilikuwa imetuliwa. Kwenye Mgunda Mkali hilo halikutosha, ndipo wapagazi wakafanya terekeza. Walipika na kula penye maji, wakanywa hadi kutosheka, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka baada ya jua kupita utosini. Walitembea hadi giza, wakalala pakavu, na alfajiri walikuwa njiani tena kuwahi kisima kabla ya mchana kuwaka. Jua kali la alasiri hawakulikwepa, ila walifupisha muda wa kukaa bila maji.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipita huko Oktoba 1857, wakaingia Kazeh, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Sifa ya safari wamebaki nayo wao. Ujuzi wa kuwavusha hai ulikuwa wa wapagazi na wa kirangozi aliyetangulia mbele, na unastahili kuhesabiwa kuwa ufundi kamili.

Mwaka 1912 reli ya Wajerumani ilifika Tabora, na injini za mvuke nazo zilihitaji maji njia nzima. Paa la tanuru lisipofunikwa na maji, chuma hulainika na boila inaweza kulipuka. Kwa hiyo injini nyingi za aina hiyo ziliwekewa paani plagi yenye risasi: maji yakishuka, risasi huyeyuka kwanza na mvuke hushukia moto.

Sasa reli mpya ya kisasa, SGR, inajengwa kuelekea Tabora kupitia nchi ileile, Manyoni na Itigi. Treni zake za umeme, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, hutegemea transista kubwa zinazokata na kuunganisha umeme mara nyingi kwa sekunde. Kila mkato huacha joto, na silikoni ya kawaida haitakiwi kuzidi nyuzi 150 hivi. Transista hukazwa kwenye bamba la chuma chepesi linalofyonza joto, na feni hulipeperusha nje. Joto likizidi, sensa huamuru nguvu ya mota ipunguzwe. Likiendelea kupanda, umeme hukatwa.

Hewa ikiwa ya moto, upoaji hudhoofika, na vumbi likiziba vichujio feni huzunguka bure. Tabora hukaa karibu bila mvua tangu Mei hadi Oktoba, miezi ambayo mafundi watalazimika kufungua vichujio na kuvisafisha mara kwa mara.