Gay Byrne na Barua za Wasikilizaji wa Ireland

Walimu wengi ambao redio imekuwa msaidizi wao darasani watakubali kwamba sauti ya mtangazaji mmoja yaweza kuingia katika nyumba ambamo kitabu hakijapata kuingia. Jambo hilo lilidhihirika sana nchini Ireland katika miaka ya 1970 na 1980, na aliyelidhihirisha ni Gay Byrne, ambaye wananchi walilifupisha jina lake wakamwita "Gaybo". Wageni humjua kwa televisheni. Makala haya yanamtazama zaidi katika redio, kwa kuwa huko ndiko alikofanya kazi iliyo nzito kuliko zote.

Byrne alizaliwa mjini Dublin tarehe 5 Agosti, 1934. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness. Alisoma katika shule ya Mabruda ya Synge Street, ambako mtangazaji mashuhuri Eamonn Andrews alikuwa amesoma kabla yake, na tangu ujana alitamani kumfuata mtu huyo. Alifanya kazi katika kampuni ya bima, kisha akapata nafasi katika redio ya taifa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa muda alitangaza pia katika televisheni ya Granada mjini Manchester, Uingereza. Mwaka 1962 alikabidhiwa kipindi cha televisheni kilichoitwa The Late Late Show, ambacho kilikusudiwa kujaza majira ya kiangazi tu; alikiongoza kwa muda wa miaka 37.

Ili kuielewa kazi yake, hapana budi kuikumbuka Ireland ya wakati ule. Sheria ya mwaka 1935 ilikataza kuuza na kuingiza nchini vifaa vya kuzuia mimba. Katiba ya 1937 ilikataza talaka, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka baada ya kura ya maoni ya 1995. Kauli ya askofu ilikuwa na uzito kuliko ya waziri. Mwaka 1966 askofu mmoja aliushutumu hadharani ule mchezo wa televisheni ambamo Byrne alimwuliza mama mmoja rangi ya vazi alilolalia usiku wa harusi yake, naye mama akajibu kwamba huenda hakuvaa kitu. Leo twaweza kucheka, lakini siku zile nchi nzima iliingia katika mabishano. Msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alifichwa, mara nyingi katika nyumba zilizosimamiwa na watawa, na mtoto wake akapewa watu wengine.

Kipindi cha redio kilianza mwezi Februari, 1973, kwa jina la The Gay Byrne Hour. Baadaye kiliongezewa muda kikaitwa The Gay Byrne Show. Kilisikika asubuhi, na saa hizo wanawake wengi walikuwa nyumbani. Wala hawakuwa nyumbani kwa kupenda tu: hadi mwaka huohuo wa 1973, mwanamke aliyeajiriwa na serikali alilazimika kuacha kazi mara aolewapo. Walikuwamo basi jikoni watu waliosoma, wenye mawazo yao, na wasio na mtu wa kuzungumza naye mpaka jioni. Byrne aliwakaribisha waandike. Wakaandika juu ya bei za vitu na mafundi wadanganyifu. Kisha, walipoona kwamba barua zinasomwa kwa heshima na majina yanahifadhiwa, wakaandika juu ya waume walevi, vipigo, na umaskini uliofichwa nyuma ya mapazia safi.

Yafaa mwalimu wa lugha aitazame mbinu hiyo. Byrne hakuipamba barua ya mtu kwa maneno yake. Aliisoma kwa utulivu, kwa matamshi safi, bila kulia wala kuhubiri, na mara nyingi aliinyamazia baada ya kuisoma. Usomaji wa namna hiyo ni mgumu kuliko hotuba, na nadhani sisi walimu hatuufundishi vya kutosha.

Tarehe 31 Januari, 1984, katika mji mdogo wa Granard, msichana wa miaka 15 alijifungua peke yake nje, kwenye baridi, mahali penye sanamu ya Bikira Maria. Yeye na mtoto wake wakafa. Msiba huo ulitokea miezi michache tu baada ya kura ya maoni ya Septemba 1983, iliyotia katika katiba ulinzi wa uhai wa mtoto aliye tumboni. Barua zikamiminika kwa Byrne. Tarehe 23 Februari, yeye na wasomaji wenzake walikitumia kipindi kuzisoma, moja baada ya nyingine, karibu bila neno la kuongeza. Waandishi wengine walikuwa bibi wazee, wakisimulia waliyoyaficha kwa miaka hamsini: kujifungua kwa siri, mtoto aliyechukuliwa, baba ambaye hakuulizwa lolote. Watu waliodhani kwamba yaliyowapata yaliwapata wao tu walisikia siku hiyo kwamba walikuwa wengi.

Si haki kumfanya Byrne mwanamapinduzi. Mwenyewe alikuwa mtu wa desturi za zamani katika mambo mengi, na hakuwa na huruma ileile kila mara. Mwaka 1993 alipomhoji katika televisheni Annie Murphy, aliyezaa na Askofu Eamonn Casey, watazamaji wengi waliona kwamba alimwelemea mama na kumtetea askofu, na mimi naona walikuwa na haki ya kusema hivyo. Kalamu za wasikilizaji zilikuwa na ujasiri kumzidi aliyezisoma.

Aliacha kipindi cha redio mwishoni mwa 1998 na kile cha televisheni mwezi Mei, 1999. Mwaka 2006 aliwekwa kuwa mwenyekiti wa mamlaka ya usalama barabarani, na siku za Jumapili aliendelea kupiga muziki katika idhaa ya Lyric FM. Hapo ndipo, mwezi Novemba 2016, alipowaambia wasikilizaji kwa sauti ileile ya utulivu kwamba hatakuwapo kwa muda, kwa kuwa anakwenda kutibiwa saratani. Alifariki tarehe 4 Novemba, 2019, akiwa na umri wa miaka 85.