Sarufi ya Kinyambo na Lugha za Kompyuta: Funzo la Utafiti Uliotangulia

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ndizo makao ya Kinyambo, lugha ambayo wasemaji wake huiita Orunyambo. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini mpaka huo wa kiutawala haukuigawa lugha. Josephat Rugemalira alichunguza unyambulishaji wa vitenzi vyake katika tasnifu ya uzamivu ya mwaka 1993, kisha akaandika sarufi yake iliyochapishwa mwaka 2005 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania. Je, maelezo ya namna hiyo yaweza kuandikwa katika lugha ambayo kompyuta itaifuata? Jibu limo katika utafiti ambao sehemu yake iliwahi kusahauliwa.

Mwaka 1968 Noam Chomsky na Morris Halle walieleza fonolojia kwa kanuni zinazofuatana kwa mpangilio maalumu. Mwaka 1972 C. Douglas Johnson alionyesha kwamba kanuni hizo, jinsi wanafonolojia walivyozitumia, zaweza kutekelezwa na mtambo sahili wenye idadi maalumu ya hali. Wachache walimsikia. Ronald Kaplan na Martin Kay waligundua jambo lilelile upya; walilieleza hadharani mwaka 1981, na makala yao kamili ikachapishwa mwaka 1994.

Mwaka 1983, huko Helsinki, Kimmo Koskenniemi alibuni mofolojia ya ngazi mbili. Humo kanuni hazifuatani. Zote hufanya kazi kwa pamoja, zikilinganisha umbo la ndani na umbo la nje. Katika Kiswahili, ki-angu hulinganishwa na changu, na kanuni hiyo moja hutumika kuunda neno na kulichanganua. Arvi Hurskainen aliutumia mfumo huo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo yake.

Ubora wa mfumo huo ni kutenganisha mtambo na sarufi: mwanaisimu huandika kanuni, si hatua za mashine. Hata hivyo, kila sarufi hubeba dhana za lugha yake. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja ya kiambishi cha shamirisho: husemwa nimempa kitabu, wala si *nimekimpa. Kitenzi cha Kinyambo huruhusu viambishi hivyo zaidi ya kimoja. Atakayechukua kiolezo cha Kiswahili na kubadilisha mizizi tu atapata programu inayokataa vitenzi sahihi vya Karagwe, na mtumiaji atadhani kosa ni lake.

Mifano ya karibu zaidi imo Uganda, katika lugha jamaa za Kinyambo. Mwaka 2010 Fridah Katushemererwe na Thomas Hanneforth walichapisha uchanganuzi wa vitenzi vya Runyakitara. Mwaka 2020 David Bamutura na wenzake walieleza sarufi za Runyankore na Rukiga walizoziandika katika Grammatical Framework, lugha ya programu iliyoasisiwa mwaka 1998 kwa mchango mkubwa wa Aarne Ranta. Lugha hiyo hutenganisha muundo wa maana, ambao lugha nyingi zaweza kuushiriki, na maumbo ya kila lugha.

Programu huchakaa pamoja na mashine zake. Kanuni iliyoelezwa wazi huhamishika kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Ugunduzi wa Johnson ulikuwa umechapishwa, lakini haukusomwa na waliouhitaji. Sarufi ya Kinyambo nayo imechapishwa. Iliyobaki ni kazi ya wasomaji wake.