Mkaguzi wa Hesabu na Kiti Chake

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye wananchi wengi hapa Arusha hawajapata kumwona kwa macho, ingawa kila mwezi wa Aprili cheo chake huwa midomoni mwa watu kuanzia Soko la Kilombero hadi Usa River. Huyo ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye siku hizi tumezoea kumtaja kwa herufi tatu za Kiingereza, CAG.

Cheo hicho kina kazi mbili, na ile ya kwanza husahauliwa. Kama Mdhibiti, yeye ndiye mlinzi wa mlango wa Mfuko Mkuu wa Hazina: fedha hazitoki mpaka aridhike kwamba Bunge limeziidhinisha. Kama Mkaguzi, anakuja baada ya matumizi na kuuliza zilikokwenda. Utaratibu huu tuliurithi kwa Waingereza, ukawekewa sheria mwaka 1961, na leo umo katika Katiba yetu, ibara ya 143.

Mji wetu una sehemu yake katika historia hii. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na kwa hiyo mali ya kulindwa ikaongezeka ghafla. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi la Tanzania ili kukagua mashirika ya umma. Wazee wa hapa wanaikumbuka Kilitex, na wanaikumbuka General Tyre na matairi yake. Tatizo la mashirika mengi ya enzi zile nchini lilikuwa hesabu kuchelewa kufungwa. Hesabu ikikaguliwa miaka kadhaa baadaye, mhasibu ameshahamishwa, meneja amestaafu, na vocha zimeliwa na mchwa. Hapo mkaguzi hana wa kumhoji.

Mwaka 1983 hayati Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, aliendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa majumbani. Wananchi walishangilia, na hadi leo wapo wanaosema tunamhitaji Sokoine mwingine. Namheshimu sana mzee yule. Lakini msako hukuta sukari iliyofichwa chini ya kitanda. Wizi unaofanywa kwa kalamu na mhuri hauonekani kwa tochi ya mgambo.

Huo unahitaji mtu wa kukaa na karatasi. Chukua zahanati katika kata moja ya mlimani, huko juu kwenye migomba na kahawa. Vocha inasema mifuko ya saruji imelipiwa. Mkaguzi anatafuta stakabadhi ya muuzaji, anatazama daftari la stoo kama mifuko iliingia, anatazama taarifa ya benki kama hundi ililipwa kwa jina lile lile, kisha anapanda gari kwenda kulitazama jengo. Karatasi zikitofautiana, hiyo ni hoja ya ukaguzi. Hoja si hukumu. Halmashauri hupewa nafasi ya kujibu, na mara nyingi stakabadhi iliyopotea hupatikana kimiujiza. Nimekaa katika vikao kadhaa vya madiwani vya kujadili hoja hizo, na nakuhakikishia kwamba hakuna kikao ambacho watu hunywa maji mengi kama hicho.

Akihisi wizi, mkaguzi hana pingu. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi, kama TAKUKURU, pamoja na Mkurugenzi wa Mashtaka. Hapo ndipo wananchi wengi wanapochanganya mambo, wakimlaumu mkaguzi kwa kesi ambazo si kazi yake kuzipeleka mahakamani.

Mfano mkubwa ni ule wa akaunti ya EPA katika Benki Kuu. Akaunti hiyo ilikuwa ya madeni ya nje ya miaka ambayo nchi haikuwa na fedha za kigeni. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu, chini ya Ludovick Utouh, iliwapa kampuni ya Ernst & Young kazi ya kuikagua. Ikaonekana kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa kiasi cha shilingi bilioni 133, sehemu kubwa kwa hati za kughushi. Januari 2008 Rais Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana, Daudi Ballali. Mwezi Mei 2012, baada ya ripoti nyingine za Utouh kuchemsha Bunge, mawaziri sita waliachwa nje ya Baraza.

Ukiwa na nguvu za namna hiyo, kiti chako lazima kipate moto. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, aliyempokea Utouh, alihojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa huko New York. Aliulizwa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi, akasema kwamba kwake yeye huo ni udhaifu wa Bunge. Sisi watu wa redio tunajua neno moja linavyoweza kusafiri. Januari 2019 aliitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge. Alieleza kwamba “udhaifu” ni neno la kawaida katika taaluma ya ukaguzi, na ni kweli, huwezi kusoma kurasa tatu za ripoti ya ukaguzi bila kukutana nalo. Haikusaidia. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye. Yaani chombo kinachopaswa kuipokea ripoti kikamkataa mwenye kuiandika.

Novemba 2019 miaka yake mitano ilipotimia, Rais Magufuli alimteua Charles Kichere. Hoja ikawa hii: Katiba inalinda kiti hiki karibu sawa na kiti cha jaji, ili mkaguzi asiandike huku akitazama nani atamwongezea mkataba. Lakini sheria ya 2008 ilisema ni miaka mitano, na inaweza kurudiwa mara moja tu. Zitto Kabwe alikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2022 majaji wakaamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na kwamba Profesa Assad aliondolewa isivyo halali.

Hata hivyo Profesa hakurudi kwenye kiti. Hukumu ilikuja miaka mitatu baadaye, na ripoti za miaka hiyo mitatu zilikwisha kuandikwa na mwingine.