Nguo Iliyoijenga Ujiji

Ukitaja Ujiji, wengi hukumbuka mwembe ambao chini yake Stanley alimkuta Livingstone. Hadithi hiyo imesimuliwa mpaka imeufunika mji wenyewe. Naamini historia ya mwambao huu husomeka vizuri zaidi kwenye nguo, kwa sababu nguo ndiyo iliyolipa mshahara, ushuru na posho ya safari.

Mpelelezi Mwingereza Burton alipofika Ujiji Februari 1858, aliwakuta wenyeji wakivaa ngozi na mbugu, yaani nguo ya gome la mti. Kazi ya mbugu ni ya mikono iliyotulia. Gome la mti wa jamii ya mkuyu huchanjwa juu, chini na ubavuni, likabanduliwa zima. Shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba lisikauke, na baada ya muda mti huota gome jingine. Lile lililobanduliwa hulainishwa kwa maji, kisha hupondwa kwa nyundo ya mti iliyochongwa mifereji. Kila pigo hutanua nyuzi kidogo, na kipande chembamba huishia kuwa shuka ya kujitanda. Fundi mwenye pupa huitoboa. Uganda bado wanaifanya kazi hii, na mwaka 2008 UNESCO iliiandika katika orodha yake ya urithi wa binadamu.

Pamba nayo ilijulikana. Kusini-mashariki mwa Ziwa Tanganyika, Wafipa walisokota nyuzi wenyewe na kufuma nguo nzito, na huko Unyamwezi Burton alikuta vitanda vya mfumi, yaani mitambo ya kufumia nguo. Kwa hiyo anayesema nguo ililetwa na misafara ya pwani amekosea: misafara ilileta nguo nyepesi zaidi, na nyingi mno.

Nyingi kati ya hizo zilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts. Marekani ilitia saini mkataba na Sultani Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akawa konsuli wa kwanza wa Marekani huko Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliipunguza sana bidhaa hiyo, lakini jina halikung'oka hata nguo ya viwanda vya kwingine ilipoingia sokoni.

Bara, merikani ilipimwa kwa mkono: mikono minne shuka, mikono minane doti, sawa na yadi nne. Kabla ya kuondoka pwani mwaka 1871, Stanley aliambiwa kwamba chakula cha watu 100 hugharimu doti 10 kwa siku. Hapo ndipo uzito wa msiba wa Livingstone unapoonekana. Aliporudi Ujiji Oktoba mwaka huohuo, alikuta mtu aliyekabidhiwa mali yake ameiuza yote: yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Mzee mgonjwa alijikuta karibu na ufukara.

Sokoni, manunuzi madogo yalikwenda kwa shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko. Cameron, mpelelezi Mwingereza aliyefika mwaka 1874, aliwaona watu wenye mifuko ya sofi wakizitoa asubuhi kwa kubadilishana na shanga nyingine, kisha soko likifungwa wakizipokea tena kwa wauzaji. Walipata faida kwenda na kurudi. Hao ndio wenye benki wa kwanza wa Ujiji ninaowajua, na wanastahili kutajwa kabla ya mzungu yeyote.

Reli ilifika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914. Kufikia wakati huo serikali ya Wajerumani ilikuwa imeshaleta rupia na kodi ya kibanda, na hesabu ya doti ikapoteza nguvu. Chini ya Waingereza, Buha, nchi ya Waha iliyo nyuma ya Ujiji, ikageuzwa hazina ya vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro wakiitwa manamba, wakatoa jasho kwenye uzi wa watu wengine ili wapate fedha ya kodi, na ya blanketi la kuvumilia usiku wa baridi katika nyanda za juu za Buha.